Shingo Iliyouma Baada ya Mafua: Tathmini ya Kliniki Moja ya Homoni Jijini Dodoma

Kliniki ninayoieleza hapa ni ya binafsi, iko upande wa Area D katika nyumba ya kuishi iliyogeuzwa kuwa kituo cha tiba, na daktari wake wa magonjwa ya homoni hufika siku mbili tu kwa wiki. Jina lake silitaji, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu ambayo nimekwisha kuwaeleza wenyewe uso kwa uso. Nimemwona daktari huyo mara nne kati ya Agosti na Desemba, kwa ajili ya tezi ya shingoni iliyovimba na kuuma baada ya mafua. Chumba cha daktari kilistahili kila shilingi niliyotoa, maabara ilistahili nusu yake, na dirisha la dawa, kama ningelisikiliza, lingenidhuru.

Mambo yalianza na mafua ya kawaida. Mwezi wa saba Dodoma kuna ule upepo mkavu unaopeperusha vumbi jekundu tangu asubuhi, na nyumbani kwetu Kisasa tuliugua wote: makamasi, kikohozi, homa ya siku tatu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nami nilipona, au niliamini hivyo. Karibu wiki nne baadaye niliamka na maumivu mbele ya shingo, upande wa kulia, yaliyopanda hadi kwenye taya na kuingia sikioni, kiasi kwamba nilidhani ni jino. Kumeza tonge la ugali kukawa kazi. Halafu yakaja mambo ambayo sikuyahusisha na shingo hata kidogo: moyo kwenda mbio nikiwa nimekaa, jasho kunitoka saa kumi na mbili asubuhi wakati wenzangu wamevaa masweta, na mkono kutetemeka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani.

Kituo cha kwanza nilichokwenda hakikuwa kliniki hii. Huko walinimulika kooni kwa tochi ya simu, wakasema ni tonsesi; damu ilipopimwa, nikaambiwa kwamba taifodi nayo “inaonekana kidogo”, nikachomwa sindano za antibayotiki siku tano mfululizo. Antibayotiki huua bakteria, na kilichokuwa kinaniuma hakikuwa na bakteria ndani yake, kwa hiyo siku ya sita nilikuwa vilevile. Tofauti ni kwamba sasa maumivu yalikuwa yamehamia upande wa kushoto, jambo ambalo mhudumu alilicheka, akaniuliza kama nina hakika naumwa. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba kule kuhama kwa maumivu ndiko kungemfumbua macho mtu anayeujua ugonjwa huu.

Shangazi yangu wa Kondoa, nilipompigia simu, aliuliza swali moja tu: “Mwanangu, chumvi mnayopikia ni ya pakiti au ile ya kupimiwa?” Kwa umri wake swali hilo lina maana kubwa, kwani aliwaona kwa macho yake watu wenye marovu makubwa shingoni kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto kwa kanuni za serikali katika miaka ya 1990. Hata hivyo, rovu la kukosa madini joto hukua polepole, miaka kwa miaka, na kwa kawaida haliumi. Langu lilikuja kwa siku chache na lilikuwa likiuma hata kola ya shati ikiligusa. Shangazi alipatia kiungo, akakosea ugonjwa, na kwa hilo aliwapita waliosomea.

Kliniki yenyewe ilianza vibaya. Nilipangiwa saa tatu asubuhi, nikaingia kwa daktari saa tano na robo, bila mtu yeyote kutoka mapokezi kueleza kwa nini. Nilipotamka kwamba nimekuja kwa ajili ya tezi, kijana wa mapokezi aliandika “tezi dume” kwenye faili langu bila kuinua macho aone kwamba aliyesimama mbele yake ni mwanamke mwenye gauni na mtandio. Mama aliyeketi nyuma yangu alicheka hadi akashika kiti. Si kosa la kijana peke yake. Neno tezi, kwa jinsi linavyotangazwa redioni, limekwisha kuwa mali ya wanaume, na wengi hatujui kwamba mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mmoja wetu amebeba tezi nyingine yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi, inayopangia mwili kasi ya kufanya kazi: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula, hata hedhi.

Daktari aliponikaribisha hakuanza na shingo. Aliuliza, “Mama, kabla ya hii shingo, katika miezi miwili iliyopita, uliumwa nini?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipotaja mafua ya Julai aliandika tarehe, akahesabu wiki kwa vidole, ndipo akasimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake pande mbili za koo na kunipa maji nimeze ili tezi ipande na kushuka chini ya mikono yake. Alipofika upande wa kushoto nilimshika mkono bila kukusudia. “Ni ngumu, na inauma,” alisema, “na hilo linanipa nusu ya jibu.”

Maelezo aliyonipa baadaye ndiyo yanayonifanya niandike tathmini hii, na nitayakalia kidogo. Ndani ya thairoidi kuna vifuko vidogo vingi mno vinavyohifadhi homoni iliyokwisha kutengenezwa, akiba ya kutosha takriban miezi miwili hadi mitatu. Katika wiki mbili hadi nane baada ya maambukizi ya virusi kwenye njia ya hewa, kwa watu wachache, tezi huvimba kwa uchochezi na kuta za vifuko hivyo hupasuka. Homoni iliyokuwa ghalani humwagika kwenye damu kwa mkupuo, na mwili huenda mbio kana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi, ilhali kwa kweli imeumia na haitengenezi karibu chochote. Alichora kwenye kisogo cha fomu ya maabara kihenge chenye ufa. “Kihenge kikipasuka, mtama unamwagika uani,” alisema. “Jirani akipita atadhani mwaka huu umevuna sana. Hujavuna, umepasukiwa.” Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Virusi vinavyoshukiwa ni vingi: vya influenza, vya matubwitubwi, vya surua, adenovirusi, virusi vya Coxsackie, na tangu mwaka 2020 vya UVIKO-19 pia, pale madaktari wa Pisa, Italia, waliporipoti msichana wa miaka 18 aliyepata maumivu ya shingo na mapigo ya kasi majuma machache baada ya kuugua corona kwa wepesi. Ugonjwa wenyewe si mgeni. Unaitwa uchochezi wa thairoidi wa de Quervain, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeuandika mwaka 1904. Daktari wangu alikuwa mwangalifu hapa, na nilimheshimu kwa hilo: alisema virusi vyenyewe hupatikana kwa nadra ndani ya tezi, kwamba ushahidi mwingi ni wa majira, yaani mafua kwanza, tezi baadaye, na kwamba bado inajadiliwa kama virusi huingia kwenye chembe za tezi moja kwa moja au kinga ya mwili, ikiwa inafukuza virusi, ndiyo inayoishambulia tezi kimakosa. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa wa umri wa kati, na kwamba wapo waliozaliwa na alama fulani za kinga zinazowaweka karibu nao. Ndiyo maana nyumbani tuliugua mafua watu sita na shingo ikauma moja.

Kabla ya kuniandikia vipimo aliuliza kama natumia vidonge vya nywele na kucha. Nilishangaa alijuaje, maana kichupa kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikinunua duka la vipodozi baada ya nywele kuanza kukatika. Vidonge hivyo vingi vina vitamini iitwayo biotini kwa kiasi kikubwa mno, na katika baadhi ya mashine za maabara biotini huingilia kemia ya kipimo, ikifanya TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, isomeke chini na T4, homoni ya thairoidi yenyewe, isomeke juu hata kwa mtu mzima wa afya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikwisha kutoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017. Nilitakiwa kuacha vidonge kwa siku mbili kamili ndipo nirudi kutoa damu. Maabara zote mbili nilizopita mwaka huo, hii na ya kituo cha kwanza, hazina hata kibandiko ukutani kinachouliza swali hilo.

Kuhusu maabara sasa. Kijana aliyenitoa damu alikuwa mpole na mkono wake ni mwepesi. Aliniita “mama yangu”, akaupata mshipa kwa mara ya kwanza, na sikuona alama kesho yake. Sifa zinaishia hapo. Niliahidiwa majibu siku ya pili, yakatoka siku ya nne, kwa maelezo kwamba sampuli za homoni hukusanywa hadi zitoshe kuendeshea mashine. Hilo ningelielewa kama lingesemwa mapema. Kibaya zaidi, karatasi niliyopewa ilikuwa na namba zisizo na viwango vya kawaida pembeni: TSH chini ya 0.01, T4 huru 34, ESR 78, basi. Niliketi kwenye benchi lile bila kujua kama 34 ni habari njema au msiba. Daktari alinieleza kwamba TSH ni barua inayotumwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Kwa kawaida huwa kati ya takriban 0.4 na 4, na ikizama hivi maana yake ubongo umeona homoni imefurika na umeacha kuagiza. ESR ni kasi ya chembe nyekundu kutuama kwenye mrija kwa saa moja, na katika ugonjwa huu mara nyingi huvuka 50. TSH iliyozama pamoja na ESR iliyopaa na shingo inayouma baada ya mafua: hapo ndipo picha ilipokamilika. Namba bila viwango, kwa mgonjwa, ni karatasi tupu yenye bei.

Altrasaundi nilifanyiwa na dada mmoja makini aliyeweka mto chini ya mabega yangu ili shingo ijikunje nyuma vizuri, akaomba radhi kwa ubaridi wa mafuta yale. Alionyesha kwenye skrini madoa meusi yasiyo na mipaka iliyo wazi, na damu kidogo ikipita ndani yake. Katika ugonjwa wa Graves, ambao nao huongeza homoni, damu huonekana ikizunguka kwa wingi kwenye tezi. Sina la kulalamika chumbani humo.

Nilitozwa ada kamili ya kumwona daktari, shilingi 30,000, kwa ajili ya kusomewa majibu yaliyokwisha kulipiwa, na sioni haki yake, hasa kwa kuwa kuchelewa kulikuwa kwao. Lakini ni katika dakika zile kumi ambapo uzito wa kuwa na mtaalamu ulionekana. Aliuliza kama nina pumu, kama nina vidonda vya tumbo, kama nimewahi kuambiwa nina sukari. Maswali hayo hayakuwa ya adabu tu: propranololi, dawa ya kutuliza mapigo na kutetemeka, inaweza kumbana mtu wa pumu, na prednisoloni, ambayo ni steroidi, hupandisha sukari na kuchokoza tumbo. Kwa mgonjwa asiye na maumivu makali, alisema, angeanza na ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, peke yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kumeza dawa za aina hiyo wiki mbili bila nafuu, hivyo akaandika prednisoloni miligramu 40 kwa siku, kisha kushuka polepole kwa majuma kadhaa, na akasisitiza mara tatu kwamba nisiache ghafla hata nikijisikia mzima.

Nikapeleka cheti kwenye dirisha la dawa la kliniki hiyohiyo. Mhudumu alisoma, akatoa dawa mbili, kisha akaongeza pakiti ya tatu ambayo haikuandikwa: kabimazoli. “Wagonjwa wote wa tezi huwa tunawapa na hii, mama, itakusaidia.” Ni dawa nzuri, ila kwa ugonjwa mwingine. Huzuia tezi kutengeneza homoni mpya, na tezi yangu ilikuwa haitengenezi. Kumwaga kwake kulikuwa kwa akiba ya zamani. Ni sawa na kumkataza mtu kulima ili mtama uliokwisha kumwagika uani upungue. Zaidi ya hapo, dawa hiyo kwa watu wachache hushusha chembe nyeupe za damu kwa hatari, kiasi kwamba anayeitumia huonywa akimbilie kupima damu akipata homa na koo kuuma. Kama nisingekuwa nimetoka kuoneshwa mchoro wa kihenge dakika chache kabla, ningeilipia na kuimeza. Nilirudi kwa daktari na pakiti mkononi. Alitoka mwenyewe hadi dirishani, na sauti aliyoitumia ilisikika hadi kwenye benchi. Ni sawa, lakini kurekebisha kosa kama hilo hakupaswi kutegemea mgonjwa mwenye ujasiri wa kurudi.

Maumivu yalikatika siku iliyofuata. Nasema yalikatika, si yalipungua: nilikula wali na mlenda jioni ile bila kufumba macho. Inaelekea kwa ugonjwa huu steroidi hujibu kwa kasi hiyo, na pale isipojibu ndani ya siku mbili tatu, madaktari hurudi kujiuliza kama wameukisia ugonjwa ipasavyo.

Kilichofuata nilionywa mapema, na kwa hilo sikuogopa. Ghala likishamwagika na ukuta haujajengwa, kinachokuja ni njaa. Mwishoni mwa Septemba nilikuwa mzito, mwenye usingizi saa nane mchana ofisini Mtumba, tumbo limefunga, na kilo nne nilizopoteza Agosti zilikuwa zimerudi na wageni. Kipimo kilionyesha TSH 9.8, yaani ubongo sasa unapiga kelele kuitaka tezi iamke. Daktari hakunipa dawa ya homoni, kwa kuwa dalili zilikuwa nyepesi na T4 ilikuwa imeshuka kidogo tu. Aliniomba nisubiri majuma mengine manane, akieleza kwamba nusu ya T4 iliyomo kwenye damu huchukua kama siku saba kuondoka, na kwamba TSH hufuata nyuma kwa wiki kadhaa, hivyo kupima kila wiki ni kutupa fedha. Nililipenda jibu hilo kutoka kwa mtu ambaye angefaidika kwa kunipima kila wiki. Mwanzoni mwa Desemba, siku ya mvua ya kwanza kubwa, TSH ilikuwa 2.4. Wengi hupona hivi. Wachache, inayokadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 15, hubaki na tezi iliyolegea na kuhitaji homoni ya vidonge maisha yao yote, ndiyo maana nimeambiwa nirudi kupima baada ya mwaka. Kliniki haikunikumbusha tarehe yoyote kati ya hizo kwa simu wala ujumbe. Nilizishika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni.

Jirani yangu, baada ya kunisikia nikisimulia, alitaka kwenda kupimwa tezi akiwa kitandani na homa kali ya mapafu. Nilimuulizia kwa daktari, akasema asubiri apone kwanza: mwili ulioelemewa na ugonjwa mkubwa hushusha wenyewe T3, homoni nyingine ya thairoidi, kama njia ya kubana matumizi, na namba hizo zikisomwa bila uangalifu humfanya mtu aonekane mgonjwa wa tezi wakati hana ugonjwa huo. Sikulipishwa kwa swali hilo, jambo ninaloliandika kwa sababu katika tathmini ya fedha kliniki hii haitoki vizuri. Kwa mara nne nilitoa jumla ya shilingi 390,000 taslimu bila dawa: siku ya kwanza 180,000 kwa daktari, vipimo na altrasaundi, 30,000 ya kusomewa majibu, kisha 90,000 kwa kila moja ya marudio mawili ya baadaye. Kwa mtu anayelima zabibu Hombolo au anayeuza karanga stendi, hiyo si bei ya kuumwa shingo.

Nitarudi kwa kipimo cha mwaka, kwa daktari yuleyule, nikiwa nimeacha vidonge vya nywele siku mbili kabla, na nitaomba karatasi yenye viwango vya kawaida kabla sijalipa. Dawa, zikihitajika, nitanunua kwingine.